Mtani Aliyeitoa Njia

Usiku ule, ndugu unayenisikiliza, sikulala ili niote. Nililala kwa sababu mwili ulikataa kuendelea kukaa macho. Keti vizuri nikusimulie, na nikikimbia mno nisimamishe, maana mambo ya watafiti yana vichochoro vyake na sipendi mtu apotelee humo. Ndoto yenyewe si ndefu. Ila hutaielewa kabla hujamjua aliyenijia, na alichonitendea akiwa hai.

Aliyenijia ni Salum. Dokta Salum, mtaalamu wa mimea, tuliyefundisha naye chuo kimoja. Mimi ni Milembe, na kazi yangu ni kusoma watu: mila zao, miiko yao, namna wanavyozaa na namna wanavyozika. Yeye alisoma miti. Dirisha la ofisi yake lilitazamana na la kwangu, katikati kukiwa na ua mdogo wenye bomba linalovuja. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo kabla hatujawa marafiki tulikuwa tayari watani.

Kama kwenu utani umesahaulika, nikueleze kidogo. Zamani wazee wetu walikutana njiani, wakagombana, wakaumizana, halafu wakapatana na kuachiana ruhusa ambayo haijafutwa hadi leo. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usinune. Anaweza kufunua chungu chako akala bila kukaribishwa. Na ukifa, wakati ndugu zako wote wanasema ulikuwa malaika, yeye ndiye mwenye haki ya kusimama na kusema ulivyokuwa kweli.

"Wewe Mnyamwezi!" Salum alikuwa akiniita kutoka dirishani. "Njoo unihamishie hili kabati. Babu zako walibeba mizigo mpaka shingo zikazama mabegani, wewe kabati tu linakushinda?"

"Kaa hapo hapo ungoje lihame lenyewe," namjibu. "Mzaramo hata nazi haiangui. Huikalia chini mpaka ianguke."

Wanafunzi wakipita uani wanacheka. Tuliishi hivyo miaka mingi, na naweza kukuambia kwamba sikuwa na ndugu wa kuzaliwa naye niliyemwamini kuliko yule.

Ikaja siku chuo kikaanza kuhimiza watu wa fani mbalimbali wafanye utafiti pamoja. Wengine walinung'unika. Sisi wawili tulifurahi. Tukachagua mlima mmoja. Jina lake sitakutajia, na ukivumilia kidogo utaona sababu. Huko juu kuna kichaka cha mila, na ndani ya kichaka kuna aina ya mti ambao gome lake wakunga wa kule humpa mama aliyejifungua damu ikakataa kukatika. Jina la mti nalo nitalimeza. Salum alitaka kuujua mti. Mimi nilitaka kuwajua wanawake wanaoutunza, na namna walivyoulinda vizazi hadi vizazi bila uzio wala askari.

Mlinzi wa kichaka ni mkunga, Mama Nasemba, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Siku aliyotuingiza alimtazama Salum akipepesuka kwenye utelezi, akaniuliza, "Huyu mwanamume wako wa pwani, mlimnunua na miguu yote miwili?"

"Si wangu, mama. Ni mtani wangu."

"Afadhali. Mume wa hivi ungembeba."

Tulicheka wote, Salum kutuzidi. Lakini tulipofika ukingoni mwa kichaka kicheko kikaisha. Mama Nasemba alituvua viatu. Akatuambia kwamba anayeingia hapa, akitoka lazima aseme maneno haya kwa kinywa chake, akimtazama mlinzi machoni: "Nilichokikuta nimekiacha." Maana yake hutamwonyesha mtu njia. Si kwa kidole, si kwa mdomo, si kwa namna nyingine yoyote.

Tulipotoka mimi nilisema. Salum naye akasema, kisha akainua kijiti alichoruhusiwa kuchuma, chenye majani yake na kipande cha gome. Akauliza kwa utani, "Na hiki, mama? Hiki mbona sijakiacha?"

Mama Nasemba hakucheka. "Kijiti nimekupa," alisema. "Njia sijakupa."

Hapo sasa nisimame nikufafanulie jambo moja, maana kila kitu kilichofuata kimesimama juu yake.

Katika fani ya Salum, mmea uliochumwa hulazwa katikati ya magazeti, hubanwa, hukaushwa, kisha hushonewa kwenye karatasi ngumu na kuwekewa kibandiko pembeni. Kibandiko kinasema nani kauchuma, lini, na hasa wapi. Wapi ndiyo roho yake. Ni ili mtafiti mwingine, hata akiwa hajazaliwa bado, aweze kuifuata njia hiyo, aukute mti uleule, ahakikishe hukudanganya. Salum alikuwa na msemo wake: "Mmea usio na mahali ni takataka."

Katika fani yangu ni kinyume. Mtu akinifungulia mlango wake nikaandika habari zake, nabadilisha jina lake, la kijiji chake, hata la mto anaochota maji. Namficha ili alichoniambia kisimrudie na fimbo. Kwa hiyo kwa Salum kuficha mahali kulikuwa uongo, na kwangu kutaja mahali ni usaliti, na kila mmoja wetu alifundishwa hivyo na walimu waadilifu. Usimcheke yeyote kati yetu. Wote wawili tulikuwa tunajaribu kuwa watu wa kweli.

Tulilibishania sana jambo hili, na tukalimaliza. Makala ingesema tu "katika mojawapo ya vichaka vya mlima huo". Salum alikubali mbele yangu. Nilisoma makala neno kwa neno kabla haijaenda kwa wahariri wa jarida, na ndivyo ilivyosema.

Kisha Salum akaugua. Ugonjwa ulimla haraka, na mazungumzo na wahariri aliyafanya yeye kutoka kitandani, kwa sababu alisema kazi inamsahaulisha maumivu. Alifariki kabla makala haijatoka.

Mazikoni nilifanya wajibu wa mtani. Niliichukua ile kofia yake ya pama, kuukuu, aliyokuwa akivaa porini, nikaivaa, nikainama nikatembea mbele ya waombolezaji nikichungulia chini kila hatua kama anayetafuta sindano, nikiokota majani na kuyanusa. Watu walicheka huku wakilia. Mke wake, Zuhura, alicheka mpaka wakamshika. Nilijiona nimemzika mwenzangu vizuri.

Makala ikatoka. Jina lake la kwanza, langu la pili. Sikuifungua hata kuisoma tena, maana nilidhani naijua.

Halafu Mama Nasemba akapiga simu. Hakunisalimu.

"Wale watu ni wako?"

"Watu gani, mama?"

"Wamekuja na mapanga na magunia. Hawakumuuliza mtu njia. Simu zao zinawaambia pita huku, pita kule, mpaka wakafika katikati. Wamebandua magome kuzunguka kila shina, mpaka mizizini. Unajua mti ukibanduliwa kuzunguka wote?"

Nilijua. Salum ndiye aliyenifundisha. Mti uliovuliwa gome pande zote hauna tena pa kupitishia chakula. Unasimama, una majani, na tayari umekufa.

"Ulinitazama machoni," alisema Mama Nasemba. "Ukasema umekiacha. Njoo uyaseme tena mbele ya wanawake. Tunakungoja."

Nikaifungua makala. Mwili wa makala ulikuwa vilevile, "katika mojawapo ya vichaka". Lakini mwishoni kabisa, baada ya marejeo, palikuwa na jedwali ambalo sikuwahi kuliona, na ndani yake namba za mahali, zile zinazoingizwa kwenye ramani ya simu zikampeleka mtu hadi kwenye shina. Niliwauliza wahariri: walikuwa wamezidai, na Salum alizitoa, hakuniambia.

Nilikwenda kwa Zuhura. Sikwenda kugombana, nilikwenda kumweleza kwamba kule mlimani itanibidi niseme aliyezitoa. Aliniwekea chai, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada Milembe, hayupo kujitetea. Marehemu husitiriwa."

"Na mimi nitasemaje mbele yao?"

"Sema ni makosa ya jarida. Sema ni mitambo. Wale kina mama watajuaje?" Akanishika mkono. "Watoto wake watasoma hiyo makala wakikua. Waache wamkute baba yao mzima."

Nilirudi nyumbani nikafunga begi la safari, maana kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kwenda mlimani, na nikalala bila kujua kama nitakwenda kumsitiri aliyenisaliti au kumfukua mtu aliyekuwa kipenzi changu.

Ndipo usiku ule akaja.

Naona mchana mweupe. Nimo katika ile nyumba ya makabati, wanapohifadhi mimea mikavu, na harufu ya vidonge vya kufukuzia nondo imejaa kama ilivyokuwa siku zote. Salum ameketi kwenye meza yake ndefu. Amevaa shati safi. Hana ugonjwa. Anafunua magazeti moja baada ya jingine, anatafuta mmea fulani, na mimi najua amekufa lakini naona ni utovu wa adabu kumwambia.

"Mnyamwezi," anasema bila kuinua kichwa, "nishikie hapa."

Nilishika. Nilikuwa nimekuja na hasira iliyojaa kinywa, lakini mkono wangu ulishika gazeti kama ulivyozoea. Akalifunua. Ndani hapakuwa na jani. Palikuwa na gome la mti, bichi, linatoa maji mekundu, na maji yale yanapenya kwenye maandishi ya gazeti. Akafunua jingine. Gome. Jingine. Gome. Meza yote inalowa.

"Salum," nasema, "haya hayakaushwi."

Yeye anabana gazeti kwa kiganja, kama mtu anayejaribu kuziba bomba.

Nikageuka nitafute kitambaa, na makabati hayakuwa makabati tena. Yalikuwa mashina. Yamesimama kwa safu zilezile, na milango yake imeng'olewa, na ndani yanaonekana meupe, meupe kama mfupa. Nilipogusa shina moja kidole changu kilitoka na utelezi. Nyasi chini hazina sauti. Nilitafuta viatu vyangu miguuni nikakuta sina, nikajua tumo kichakani, na kwamba tumeingia bila mlinzi.

"Twende," nilimwambia Salum. "Twende tumtafute Mama Nasemba tumwombe radhi."

Yuko nyuma yangu. Namsikia anavyopumua. Lakini kila nikimgeukia naona mgongo wake tu.

Na hapo, sijui kwa mlango gani, naingia ukumbini. Ni ule ukumbi wa chuo ambamo wanafunzi wa shahada ya juu husimama kutetea kazi zao mbele ya watahini. Nimeingia humo mara nyingi nikiwa upande wa kuuliza. Sasa nimesimama upande wa kujibu. Mezani wameketi wanawake wa mlimani, wamevaa khanga zao, na katikati yao Mama Nasemba. Mmoja ana mtoto mchanga mapajani na anamnyonyesha. Hakuna anayenitazama kwa chuki. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, wananitazama kama watu waliokwisha kuelewa.

Mama Nasemba anauliza swali moja. "Nani alitoa njia?"

Nafungua kinywa. Najua jibu. Namtafuta Salum kwa macho, na namwona kwenye viti vya nyuma, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi asiyetaka kuitwa. Nataka ainue mkono yeye mwenyewe. Nangoja. Katika ndoto kungoja hakuna saa. Mtoto ananyonya, ananyonya, na Salum hainui mkono.

"Ni makosa ya jarida," nasema.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Zuhura. Wanawake wakatazamana. Mama Nasemba akavuta khanga ya mwenzake aliyekuwa akinyonyesha, akawafunika kichwa, yeye na mtoto, polepole, kama mtu anayefunika kitu kisionwe na mgeni.

Nikalia. Nakuambia wazi, nililia katika ndoto kilio ambacho sikukilia siku ya maziko, maana siku ile nilimlilia rafiki, na sasa nalilia kitu ambacho hakikuwepo. Nilikuwa nadhani nina mtu ambaye, hata akikatwa, hawezi kunifanyia vile. Kumbe sikuwa naye.

Nilipofuta macho nilikuwa makaburini. Watu wote wapo, waombolezaji walewale, wametulia wima kama picha. Mimi nimevaa pama yake. Naanza kutembea, nainama, naokota majani, nanusa. Hakuna anayecheka. Naongeza mbwembwe. Hakuna. Nikasikia mtu anasema, karibu sana na mimi:

"Basi, inatosha."

Salum ameketi ukingoni mwa kaburi lake, miguu ndani, kama mtu anayepumzika kwenye mfereji shambani. Sanda ipo mabegani kama shuka la baridi. Sasa ananitazama. Ni mara ya kwanza tangu aje.

"Uliniahidi," nilimwambia. Hatimaye neno lilitoka.

"Nilikuahidi."

"Ulimwahidi yule mama. Ukamtazama machoni."

"Nilimtazama."

"Sasa kwa nini?"

Alifikiri. Alikuwa na tabia hiyo akiwa hai, hata ukimuuliza kama atakunywa chai. "Mmea usio na mahali..." alianza.

"Usinitolee msemo, Salum! Wale si mmea. Wale ni watu wamesimama mbele ya miti iliyokufa, na mwanamke wa kwanza atakayetokwa na damu kule atakufa na wewe ukiwa umelala hapa na sanda yako safi!"

Waombolezaji hawakutikisika. Salum aliinamisha macho.

"Nilikuwa naondoka, Milembe," akasema. Hakuniita Mnyamwezi. "Wakaniambia bila namba hawaitoi. Nilitaka kitu kimoja kibaki duniani kikisema kwamba nilikuwepo, na kwamba sikudanganya."

"Ulidanganya. Ulitudanganya sisi, ukawaambia ukweli wale usiowajua."

Nililisikia neno langu mwenyewe, nikaona ndilo lililokuwa limenikwama rohoni tangu nilipoliona lile jedwali. Kumbe hasira yangu haikuwa juu ya namba. Alikuwa na uaminifu mmoja tu uliobaki mkononi, na alipotafuta wa kumpa, akawapa wageni.

Nilingoja aombe msamaha. Hakuomba. Badala yake akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Utanisitiri?"

"Zuhura ameniomba."

"Zuhura ni mke. Mke husitiri. Wewe ni nani kwangu?"

Nilichelewa kujibu. Mimi, ninayewafundisha vijana darasani mila hii, naandika ubaoni haki za mtani na wajibu wake, nilichelewa.

"Mtani," nikasema.

"Basi."

Akanyoosha mkono akanivua pama kichwani. Aliishika, akaizungusha, akaipangusa vumbi kwa sanda.

"Siku ile ulinichekea kofia," alisema. "Mtani gani anacheka kofia, anaacha kosa? Kofia haikumkosea mtu."

"Sikujua, Salum."

"Sasa unajua. Kanizike."

Nilitaka kumwambia amekwisha kuzikwa. Nilitaka kumwambia mengine pia, kwamba bado nina hasira naye, kwamba asidhani hii inatosha. Lakini waombolezaji walianza kusogea, wakanipita pande zote mbili kama maji, na mbele yangu ikabaki ardhi tupu, na nikaamka nimekaa kitandani, mikono miwili juu ya kichwa, naishika kofia isiyokuwepo.

Kulikuwa kumepambazuka. Kuku wa jirani wanagombana. Sikuswaki, sikunywa maji. Nilimpigia Zuhura.

"Alikuja," nikamwambia.

Hakuuliza nani. Nikasikia redio ya kwake ikizimwa. "Kwako alikuja?"

"Alikuja. Anataka nimseme."

"Kwangu haji," Zuhura akasema, na sauti yake ikapasuka. "Nalala upande wangu wa kitanda, wake nimemwachia, haji. Kwako anakuja." Akalia kidogo. Nilimwacha alie. Mtu aliyesalitiwa huwa anafikiri yuko peke yake, na asubuhi ile nilijua kwamba tuko wawili. Kisha akasema, "Unamsema kama nani?"

"Kama mtani wake."

"Basi sema. Siwezi kumzuia mtani. Lakini useme kwa kicheko, wasije wakadhani ni chuki."

"Kicheko sina, Zuhura."

"Kitafute njiani."

Nilikitafuta njia nzima, na sikukipata mpaka nilipofika. Wanawake walikuwa wameketi nje ya nyumba ya Mama Nasemba. Niliweka begi chini, nikaomba mkeka, nikajilaza juu yake kama mgonjwa, nikajifunika khanga hadi kidevuni. Nikaanza kumwiga Salum: namna alivyokohoa, namna alivyovaa miwani akiwa amelala, namna alivyopapasa akiandika namba moja baada ya nyingine, akisimama kila mara kutazama mlangoni kama Mnyamwezi anakuja. Nikasema kwa sauti yake, "Nilichokikuta nimekiacha, ila namba hizi hapa." Mwanamke mmoja mzee akaguna kicheko, kicheko kikali, kisicho na furaha, na mwingine akadakia, na mwisho tulikuwa tunalia wote. Nikainuka nikasema jina lake waziwazi, na kwamba alifanya peke yake, na kwamba alikuwa rafiki yangu. Nikawaambia pia kwamba nimewaandikia wahariri waliondoe lile jedwali, na kwamba hata likiondolewa, namba zilizokwisha kusambaa hazirudi.

Mama Nasemba alinipa maji ya kunywa. "Huyo tumemjua," alisema. "Na wewe tumekujua, si wewe uliyetoa njia. Lakini njia sikupi tena, mwanangu. Wewe wala mwingine wa kwenu."

Nilisema sawa. Ningesema nini tena? Kwa mbali niliona mashina meupe kati ya majani mabichi. Wanawake walikuwa wameanza kuyapaka udongo wa kichuguu na kuyafunga kwa magunia, kama majeraha. Sijui kama mti hata mmoja utapona. Wala sijamsamehe Salum, nisije nikakudanganya. Nimemzika tu, safari hii na kosa lake, na tangu hapo hajanijia tena.

Basi wewe unayeanza utafiti, usiogope kufanya kazi na mtu wa fani nyingine. Ni raha kubwa, na utajifunza mambo ambayo walimu wako hawakuyajua. Ila kabla hamjafunga safari, kaeni chini wawili, umuulize mwenzako: "Ukibanwa, utataja nini?" Usikubali jibu la haraka. Naye akuulize wewe. Majibu yote mawili mpelekeeni mwenye mahali, mumweleze kwa lugha yake, kabla hajawaonyesha njia.